Habari za Mafuta Yaliyopanda Sotik

Reli ya Uganda ilipofika ukingoni mwa Ziwa Viktoria mwezi wa Desemba 1901, iliiacha Sotik upande wa kusini, mbali na mlio wa gari la moshi, na mpaka leo hakuna reli iliyopanda katika vilima vile vya Wakipsigis ambavyo sasa vimevikwa chai toka Kericho hata Bomet. Kila kilichotoka ng'ambo, chuma na chumvi, nguo na mafuta, kilishushwa katika stesheni ya Lumbwa, mahali paitwapo siku hizi Kipkelion, kikapakiwa juu ya magari ya kukokotwa na maksai, kikafuata njia za udongo mwekundu ambazo mvua ilizigeuza kuwa muhali. Waandishi wetu wa tarehe wameandika mengi, nao wamefanya vyema, juu ya vita vya mwaka 1905 ambavyo serikali ya Waingereza iliwaendea watu wa Sotik, na juu ya ardhi iliyotwaliwa baada ya vita hivyo, na juu ya chai iliyopandwa katika ardhi hiyo. Lakini mafuta, ambayo bila ya hayo chai isingefika Mombasa kwa wakati wake, yamepita katika vitabu kama mtumishi apitaye barazani na sinia ya kahawa, akitazamwa sinia asitazamwe uso.

Mafuta ya kwanza kuijua nchi hiyo yalikuwa ya taa, nayo yalikuja ndani ya debe. Debe hilo, lenye ujazo wa galoni 4, yaani takriban lita 18, lilisafiri mawili mawili katika sanduku la mbao kutoka nchi za mbali hata Unguja na Mombasa, kisha likaingia bara. Mafuta yakiisha, debe lilikuwa bado halijaanza kazi yake ya haki: lilikunjuliwa likaezekea nyumba, lilichota maji, lilipimia mahindi, na hata leo katika soko la Sotik muuzaji na mnunuzi hupatana bei kwa debe, au kwa mdogo wake gorogoro, wala hawamkumbuki aliyelileta. Katika zama hizo mafuta yakimwagika ilikuwa hasara ya mwenye debe peke yake. Ardhi ilikunywa kidogo kile, mvua zikapita, nyasi zikaota tena. Nadhani ndipo ilipozaliwa dhana, ambayo imetugharimu sana baadaye, kwamba udongo humeza kila kitu ukanyamaza.

Kisha chombo kikakua. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali iliwagawia askari wa Kizungu mashamba katika nyanda za juu, na huko Kericho maofisa walioumia vitani walipewa eneo la kiasi cha ekari 25,000 ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, ushirika wao ukavunjika, na katikati ya miaka ya 1920 ardhi ikaingia mikononi mwa makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay. Chai haina subira: jani likichumwa asubuhi sharti lifike kiwandani kabla halijaharibika, na kwa kuwa reli ilikuwa mbali, lori likawa ndilo mguu wa chai. Mafuta ya kuyaendesha magurudumu yote hayo, na majenereta ya viwanda, hayakuja tena katika debe bali katika pipa la lita 200, na baada ya pipa yakaja katika lori la tangi.

Kati ya mafuta hayo yalikuwamo ya dizeli. Rudolf Diesel mwenyewe, Mjerumani aliyeiunda injini inayoitwa kwa jina lake na kuionyesha ikifanya kazi mwaka 1897, hakuifunga kwa mafuta ya ardhini tu. Katika maonyesho makuu ya Paris ya mwaka 1900 injini ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Laiti dunia ingalibaki huko! Lori likipinduka leo katika kona ya Kaplong, karibu na Sotik, tungalikuwa na kazi ya kuwafukuza kuku tu.

Wala Wakipsigis hawakukaa wakiisubiri injini hiyo. Kabla ya Vita Kuu ya Pili walikwisha kujenga vinu vya maji kando ya mito yao, gurudumu likizungushwa na mfereji uliochepuliwa kutoka mkondo mkuu, na unga wa mahindi ukasagwa kwa nguvu isiyonunuliwa dukani. Wenye vinu wakapata mali na heshima, na yamkini hakuna mtu aliyeyachunga maji ya mto kuliko wao, maana mto ukipungua riziki yao ilipungua. Mashine ya dizeli ilipokuja, haikuhitaji mto. Iliwekwa sokoni, mlangoni pa duka, ikasaga wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, na vinu vya maji vikaachwa vikaoza. Sisemi kwamba watu walikosea kuichagua, kwa sababu mama aliyetembea na mzigo wa mahindi hadi mtoni na kurudi alikuwa na hoja yake. Nasema tu kwamba siku hiyo msagaji aliacha kuwa mlinzi wa maji, na chini ya mashine yake kukaanza kutanda doa jeusi ambalo hakuna aliyeliona kuwa ni jambo. Oili chafu ilipakwa nguzo za ua ili mchwa wasizile, na iliyosalia ikamwagwa nyuma ya gereji. Hii ndiyo desturi iliyotangulia, na desturi haiondoki kwa tangazo moja la serikali.

Bomba ndilo lililovikuza vyombo kupita kiasi. Shirika la bomba la mafuta la Kenya liliundwa mwaka 1973, na mwaka 1978 mafuta yakaanza kusukumwa kutoka Mombasa hata Nairobi, mwendo wa kilomita 450. Mwaka 1994 bomba likafika Nakuru, Eldoret na Kisumu, mkono mmoja ukipita kaskazini mwa nchi ya Kericho. Sotik, kama ilivyokosa reli, ilikosa bomba pia. Hupata mafuta yake kwa malori yatokayo katika maghala ya miji hiyo, kila lori likiwa na maelfu kwa maelfu ya lita, likipanda na kushuka katika barabara nyembamba, zenye ukungu alfajiri na utelezi alasiri, kwa maana katika nchi ile mvua ya alasiri ni jambo la kutegemewa kuliko saa.

Hapo ndipo yalipotukuta mambo ambayo kila mtu ayakumbuka. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, upande wa pili wa misitu ya Mau, lori la petroli lilipinduka, watu wakaja na mitungi na ndoo kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Julai ya mwaka uliofuata yakatokea hayo hayo kijijini Sange, Kivu ya Kusini, wakafa zaidi ya 200. Septemba 2011 petroli iliyovuja ilifuata mtaro hadi mtaa wa Sinai, Nairobi. Na Agosti 2019 ikawa zamu ya Morogoro. Wapo waliowalaumu marehemu kwa tamaa. Mimi naona lawama hiyo ni nyepesi mno, kwa sababu watu waliolelewa katika nchi ambayo debe tupu lilikuwa mali, na ambayo kila kitu kilichoanguka kutoka gari kubwa kilihesabiwa kuwa ghanima, hawakuwa na mwalimu wa kuwaambia kwamba mvuke wa petroli hushika moto hata katika baridi ya Molo.

Lakini misiba hiyo imetufanyia jambo jingine lisilosemwa: imetufundisha kuupima mmwagiko kwa moto wake. Lori la dizeli likipinduka, na dizeli kwa kawaida haitoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka ipate joto la nyuzi zaidi ya 50, watu husema Alhamdulillahi hakuna aliyeungua, lori hukokotwa, barabara hufunguliwa, na habari huishia hapo. Ilhali kwa udongo na maji dizeli ni mbaya zaidi. Petroli sehemu yake kubwa hupaa hewani kwa siku chache. Dizeli, kwa kuwa ni nzito, hukaa. Huteremka polepole katika udongo mwekundu, hujibanza katikati ya chembe zake, hungoja mvua, na mvua ikija huiteremsha mpaka chemchemi, na toka chemchemi mpaka mto Kipsonoi, na Kipsonoi huungana na mito mingine ikawa Sondu, na Sondu humiminika katika Ghuba ya Winam. Mtu wa Sotik anayemwaga mafuta nyuma ya gereji yake anamwagia mvuvi wa Nyakach, kando ya ghuba hiyo, asiyemjua.

Na njia za kuusafisha uchafu huo tulizozizoea zilikuwa tatu, zote mbaya. Ya kwanza ni kuuosha kwa maji mengi mpaka mtaroni, jambo ambalo huisafisha lami na kuuchafua mto. Ya pili ni kuufukia kwa changarawe. Ya tatu, inayopendwa na watu wasafi, ni sabuni. Nayo dunia ilikwisha kuipa jibu mwaka 1967, meli Torrey Canyon ilipopasuka kwenye miamba ya Uingereza ya kusini-magharibi na sabuni zilizomwagwa kuyayeyusha mafuta yake zikaua viumbe wa pwani kuliko mafuta yenyewe.

Tadbiri iliyo sawa haina miujiza, wala haihitaji vyombo ambavyo Sotik haina. Kwanza kuziba panapovuja; pili kuchimba handaki upande wa mteremko na kujenga tuta la udongo kabla mafuta hayajafika mtoni, na kazi hii hupimwa kwa dakika, si kwa siku; tatu kuyanyonya yaliyotuama kwa vumbi la mbao, majani makavu au machicha ya miwa, vitu ambavyo hutupwa bure katika viwanda vya mbao na vya sukari. Kama mafuta yamekwisha kuingia majini, huzuiwa kwa boriti na marobota ya nyasi yaliyokatiza mkondo, kwa sababu dizeli huelea, na maji hupita chini yake. Baada ya hapo ndipo inakuja kazi ndefu, ya kuuchimbua udongo uliolowa, kuutandaza juu ya turubai nene mahali pasipofikiwa na mafuriko, kuuchanganya na vumbi la mbao au mabua ili hewa ipite katika udongo huo wa mfinyanzi, kuunyunyizia maji, kuupindua mara kwa mara, na kuutia mbolea.

Mbolea kwa nini? Kwa sababu wasafishaji wenyewe ni vijidudu wasioonekana kwa macho, wamo katika kila udongo, nao huyala mafuta kama chakula, ila hawawezi kukua bila naitrojeni na fosforasi. Maarifa haya si mageni. Mtaalamu wa Marekani Claude ZoBell aliyakusanya katika maandiko yake ya mwaka 1946. Na mwaka 1972, huko Pennsylvania, bomba la petroli lilipovuja katika mji wa Ambler, Richard Raymond na wenzake waliingiza hewa na mbolea ardhini wakawaacha vijidudu wamalize kazi. Basi na ijulikane kwamba elimu ya kusafisha ilikuwa imekwisha kujaribiwa mwaka mmoja kabla shirika letu la bomba halijaundwa. Tulinunua chuma, tukanunua pampu, tukaajiri wahandisi. Elimu ile ya pili ikabaki gatini.

Na Sotik, laiti ingaliijua, ilikuwa na heri ambayo wengine hawanayo. Mei 2020, karibu na mji wa Norilsk katika kaskazini ya Urusi, tangi lilipasuka likamwaga zaidi ya tani 20,000 za dizeli, nyingi zikaingia mtoni. Katika baridi ya nchi ile vijidudu husinzia sehemu kubwa ya mwaka, na barabara za kupeleka mashine hazipatikani. Katika vilima vya chai hakuna majira ya barafu, mvua haikosi, na mbolea ya 26:5:5, ambayo ndani yake naitrojeni ndiyo nyingi kuliko vyote, imo katika ghala la kila mkulima anayepeleka majani yake katika vituo vya kununulia chai. Kilichokosekana si dawa, ni mtu wa kusema itumike wapi, na mwenye lori wa kulipa gharama.

Juu ya malipo sheria imesema. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, katika kifungu chake cha 93, imekataza kumwaga mafuta katika mazingira na kumtwika aliyeyamwaga gharama ya kuyaondoa na kuwafidia waliodhurika. Ilikuja miaka 21 baada ya bomba kuanza kazi. Uzito wake ulipimwa mbali na Sotik, kwenye ukame wa Kibwezi, ambako mwezi wa Mei 2015 mafuta yaliyovuja kutoka bomba la Mombasa yalionekana katika mto Thange, yakaingia visima na mashamba ya watu waliokuwa wakiishi kwa mboga na matunda ya bonde lile. Hakukuwaka moto. Watu waliendelea kuteka maji yenye harufu kwa sababu hawakuwa na mengine, wakaambiwa wasubiri, wakasubiri, wakaenda mahakamani. Na miaka 10 ikapita kabla mahakama ya mazingira na ardhi ya Makueni, mwaka 2025, haijaamuru walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi. Shauri hilo lilisimama juu ya vipimo vya maji ya visima na damu ya watu, vilivyochukuliwa na kuandikwa tangu mapema. Mkulima wa Sotik ambaye lori limepinduka juu ya shamba lake, naye amefurahi kwamba hakuna aliyeungua, aghalabu hana hata chupa moja ya maji ya chemchemi yake iliyotekwa siku ile.