Kutoka Posho ya Mpagazi hadi Sahani ya Mwanafunzi

Neno "posho" lina historia ndefu kuliko semina zetu. Mtumishi wa umma akilisikia leo hufikiria bahasha. Mganda hufikiria ugali. Katika karne ya 19, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi: kibaba cha nafaka, au nguo na shanga za kuinunulia vijijini. Mpagazi huyo, mara nyingi Mnyamwezi, alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Aliyempimia chakula alikuwa na swali moja tu: kiasi gani kitamfikisha kambi inayofuata?

Hoja yangu ni kwamba swali hilo bado linatawala majiko ya shule zetu za bweni, na kwamba sayansi ya miaka 20 iliyopita inatudai tuulize swali jingine.

Njia hiyo ilibadilisha chakula cha Unyamwezi kwa kukiongezea. Juu ya mtama, uwele na ulezi wa kale ziliongezeka mbegu zenye asili ya bara la Amerika: mahindi, muhogo na viazi vitamu. Waarabu na Waswahili waliolowea Tabora walilima mpunga na kupanda miembe. Vya zamani havikutupwa. Viazi vilikatwa na kukaushwa kuwa michembe, majani ya kunde yalianikwa kwa ajili ya kiangazi, nafaka ilisagwa na ganda lake, na nyingine ikachachushwa. Sizipambi enzi hizo: njia hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani, na njaa ilikuwa mgeni asiyebisha hodi. Lakini chungu kilikuwa na vitu vingi.

Kilichokifanya kiwe chembamba ni mgao. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na upagazi wa masafa marefu ukafifia. Wajukuu wa wapagazi wakawa manamba katika mashamba ya mkonge, wengi wao wakisafirishwa kutoka huku magharibi. Kwa mwajiri, unga wa mahindi ulikuwa rahisi kununua kwa wingi, kupima na kutunza. Baadaye mashine za kukoboa zikatupa sembe, na weupe wake ukawa alama ya maendeleo. Pumba na kiini, vyenye nyuzinyuzi na virutubisho vingi, vikaenda kwa kuku.

Mimi ni mwanahistoria, si tabibu. Hata hivyo historia hii sasa inasomeka ndani ya utumbo. Bakteria waishio humo hula hasa kile ambacho sisi hatukuweza kumeng'enya, yaani nyuzinyuzi, na kutoka humo hutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kutuliza kinga ya mwili. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walihamishia bakteria wa panya wanene kwa panya wasio na bakteria wowote. Panya hao walijaza mafuta mwilini kuliko wenzao waliopewa bakteria wa panya wembamba. Mwaka 2014 utafiti mwingine ulionyesha kuwa Wahadzabe, walioko kando ya Ziwa Eyasi, wana aina nyingi zaidi za bakteria wa tumboni kuliko Waitalia wa mji wa Bologna.

Ushahidi wa karibu zaidi ulitoka Moshi mwaka 2025. Watafiti wa KCMC na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwafuatilia wanaume 77 wenye afya. Waliozoea vyakula vya asili vya Kilimanjaro walipewa kwa wiki mbili mlo wa kisasa wa vyakula vilivyosindikwa. Damu yao ikaonyesha mwili unaojihami kana kwamba umevamiwa. Wale wa mjini waliorudishwa kwenye mlo wa asili walionyesha kinyume chake.

Je, akili? Hapa lazima tuwe waangalifu. Utumbo na ubongo huwasiliana kwa mishipa ya fahamu, kwa homoni na kwa kinga ya mwili. Katika panya, kubadili bakteria hubadili kumbukumbu na tabia. Kwa vijana balehe, tafiti zinahusisha unene uliopitiliza na udhaifu wa umakini na wa kujizuia, lakini kuhusisha si kuthibitisha chanzo. Usingizi, umaskini na mazoezi navyo vimo. Anayeuza kidonge cha kuongeza akili kupitia tumbo anauza upepo.

Lakini serikali haihitaji kusubiri uhakika wa mwisho. Utafiti wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 34 ya watoto wetu chini ya miaka mitano wamedumaa, huku asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi. Njaa na unene vimeketi mkeka mmoja.

Kati ya mji wa Tabora na Kipalapala taifa limewekeza katika akili kwa vizazi: Tabora School alikosoma Nyerere, seminari ya Kipalapala, na kiwanda cha uchapaji kilichotupatia vitabu vingi vya Kiswahili. Tunakagua mitaala na mitihani. Chungu tunakiachia mzabuni.

Najua jibu la mhasibu: dona huharibika mapema. Ni kweli, kwa sababu kiini chake kina mafuta. Basi isagwe kila wiki badala ya kila muhula; gunia lilelile la mahindi hutoa unga mwingi zaidi likisagwa bila kukobolewa. Kunde, mtama, michembe na karanga vinalimwa hapahapa. Afisa anayeandika masharti ya zabuni anaweza kuvitaja kwa majina. Mwanafunzi na mwanaharakati wanaweza kuuliza kwa nini havikutajwa.

Mpagazi alipimiwa chakula kwa sababu alihesabiwa kuwa mabega. Mwanafunzi tumempeleka shule kwa ajili ya kichwa chake; tumpimie kwa hesabu hiyo.