Maji Yaendayo Mbele ya Kamera: Historia Kutoka Ufuo wa Kisumu

Picha ambamo maji ya mto huonekana kama utaji mweupe uliotandazwa juu ya mawe hupatikana kwa kuiacha wazi shata, yaani pazia dogo lililomo ndani ya kamera, ambalo hufunguka ili mwanga uingie na hufunga baada ya muda uliopangwa. Muda huo ukiwa sehemu ndogo sana ya sekunde, wimbi huganda. Ukiwa sekunde kadhaa, mwendo wote wa wimbi huandikwa juu ya picha moja. Wapigapicha wa ufuo wa Dunga mjini Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, huitumia mbinu hii kwa hiari, ingawa katika karne ya 19 ilikuwa shurti la vifaa.

Njia ya kupiga picha ya Louis Daguerre ilipotangazwa jijini Paris mwaka 1839, picha moja ilihitaji dakika kadhaa za mwanga, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuyapiga maji yaendayo yakabaki na umbo lake. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alieleza njia ya kolodioni, ambayo ni kimiminika kinachopakwa juu ya kioo, na muda ukapungua hadi sekunde chache, lakini kioo kilipaswa kutayarishwa gizani, kupigiwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka. Ndiyo maana Mfaransa Gustave Le Gray alisifiwa mno mwaka 1857 alipoyanasa mawimbi yakivunjika katika bandari ya Sète, kwa kuwa kilichotafutwa na wengi wakati huo kilikuwa wimbi lililosimama.

Njia hiyo ya kioo kibichi ilishindwa na mazingira ya Afrika Mashariki. James Augustus Grant, aliyeandamana na John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha Zanzibar mwaka 1860, lakini Speke alihofia kwamba joto la ndani ya hema dogo la giza lingemdhuru mwenzake, akamwagiza atumie penseli na rangi. Kwa sababu hiyo, Speke alipofika Julai 1862 kwenye maporomoko aliyoyaita Ripon, mahali ambapo Nile hutoka katika Ziwa Viktoria, safari hiyo haikuwa na njia ya kuyaonyesha maji yale ila kwa maandishi na michoro.

Mabadiliko yalikuja na vioo vikavu, vilivyotokana na utafiti wa Richard Leach Maddox wa mwaka 1871, kwa kuwa viliweza kutengenezwa mapema, kufungwa kashani na kubebwa mbali. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilipofika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, tarehe 20 Desemba 1901, ujenzi wake ulikuwa umekwisha kuandikwa kwa picha na William D. Young. Chini ya jua la adhuhuri vifaa vya aina hiyo vilihitaji sehemu tu ya sekunde, na tangu hapo maji yaliyofifia yakawa uamuzi wa mpigapicha.

Uamuzi huo una hesabu yake. Katika jua kali la Dunga, kamera iliyopangwa kwenye usikivu wa 100, ambao ni kipimo cha wepesi wa kupokea mwanga, na tundu la lenzi likiwa limebanwa hadi f/16, huhitaji takriban 1/125 ya sekunde. Ikiwekwa mbele ya lenzi filta nyeusi inayopunguza mwanga mara 1,000, muda hurefuka hadi sekunde 8, na kamera sharti ikae juu ya stendi ya miguu mitatu isitikisike. Katika sekunde hizo mawimbi madogo hutoweka, mashina ya mafunjo yasiyotikiswa na upepo hubaki dhahiri, na mtumbwi uliofungwa hupoteza kingo zake kwa kuwa huinuka na kushuka. Magugumaji, ambayo yalitanda sana katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria miaka ya 1990, huacha michirizi ya kijani inayoonyesha upepo unayasukumia wapi. Na usiku wa giza, taa za wavuvi wa omena, samaki wadogo wa ziwa hilo, huchora mistari inayofuata mwendo wa mashua zao.

Hata hivyo, shata ya polepole huficha mengi, kwa maana humfuta mtu anayepita na hulituliza ziwa ambalo huenda lilikuwa limechafuka. Maji ya Ziwa Viktoria yalipopanda Mei 2020 na kuivuka rekodi ya mwaka 1964, picha ya haraka ndiyo iliyofaa kuonyesha nyumba zilizozingirwa. Kwa hiyo kila muda wa shata ni ushahidi wa aina yake, na hakuna hata mmoja unaotosha peke yake.

Ushahidi huo una thamani kwa kuwa maji yenyewe hubadilika. Maporomoko ya Ripon, upande wa Uganda, yalizamishwa mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilipokamilika, na leo hujulikana kwa michoro na picha tu. Upande wa Kenya, sehemu ya maji ya Mto Sondu Miriu huelekezwa katika handaki ili kuendesha mitambo ya megawati 60, na sura ya mto hubadilika. Wapigapicha wa Kisumu, Homa Bay na Siaya wanapaswa kuyapiga maji yao kwa haraka na kwa polepole pia, na kuandika kwenye kila picha mahali, tarehe na idadi ya sekunde, ili wajao wajue walichoonyeshwa na walichofichwa.