Filimbi Darasani, Tari Harusini: Fiqhi ya Sauti katika Jiji la Nairobi

Mtaala wa umilisi ulipofika Gredi ya Nne mwaka 2020, wazazi wa Kawangware, Kangemi na Kileleshwa walijikuta wakitafuta madukani filimbi ndogo ya plastiki, yenye matundu saba mbele na moja nyuma, ambayo mtoto alitakiwa ajifunze kuipuliza katika kipindi cha muziki. Kwa mzazi Mwislamu jambo hilo halikuwa la gharama tu. Lilikuwa na swali la dini ndani yake, na majibu yanayosikika jijini ni mawili, yote mafupi. La kwanza ni kwamba muziki ni haramu na filimbi ni muziki, basi mtoto asiiguse. La pili ni kwamba muziki ni utamaduni, na sheria haina haja ya kuingia darasani. Nadai hapa kwamba majibu haya, pamoja na kupingana kwake, yana kosa moja: yote yanachukulia kwamba kuna kitu kimoja kiitwacho muziki chenye hukumu moja. Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya asili ya Waislamu wa pwani yetu, hawakuliuliza swali kwa namna hiyo. Waliuliza ni ala gani, inapigwa wapi na nani, na inamwita msikilizaji kwenye nini. Swali likirudishwa katika sura hiyo, hukumu huwa nyepesi kwa filimbi ya darasani na nzito kwa mambo mengine ambayo tumezoea kuyapita kimya.

Wanaoharamisha wana dalili, na si haki kuzifanyia mzaha. Aya ya 6 ya Sura Luqman inawalaumu wanaonunua mazungumzo ya upuuzi, na Abdallah bin Masud aliapa kwamba makusudio yake ni nyimbo. Kauli ya sahaba wa daraja lake haitupwi pembeni. Hata hivyo aya yenyewe imeifunga lawama kwenye kusudi, yaani kuwapoteza watu njia ya Mungu, na Ibn Hazm wa Andalusia aliishikilia nukta hiyo kwa ukali wake wa kawaida: hata anayenunua msahafu kwa nia ya kupotosha watu, alisema, hukufuru kwa nia hiyo, wala hakuna anayedai kwamba msahafu ndio wenye kosa. Dalili ya pili ni nzito zaidi. Bukhari, katika mlango wa vinywaji, amepokea hadithi inayotabiri watu watakaohalalisha zinaa, hariri, pombe na ala za muziki. Ibn Hazm aliikataa kwa hoja kwamba mnyororo wake umekatika kati ya Bukhari na Hisham bin Ammar. Wako watetezi wa muziki wanaoegemea hapo hadi leo, lakini huo ni ukuta mbovu: Ibn al-Salah, kisha Ibn Hajar al-Asqalani, waliijibu hoja hiyo vya kutosha, na hadithi ina njia nyingine zilizoungana. Naichukua kuwa sahihi. Swali linalobaki ni la maana yake. Hariri imo katika orodha ileile, nayo ni halali kwa wanawake, na Mtume aliwaruhusu Abdulrahman bin Auf na Zubeir kuivaa kwa sababu ya upele. Kwa hiyo kutajwa katika orodha kunathibitisha kwamba kuna uharamu katika jambo hilo. Hakuthibitishi kwamba kila sehemu yake, kwa kila mtu na kila wakati, ni haramu.

Sunna yenyewe inalionyesha hilo bila kuhitaji tafsiri ya mbali. Siku ya Idi wasichana wawili waliimba nyumbani kwa Bibi Aisha nyimbo za vita vya Buath, Abubakar akawakemea kwa neno kali, na Mtume akamwambia awaache kwa kuwa kila kaumu ina sikukuu yake. Katika harusi ya Rubayyi bint Muawwidh wasichana walipiga dufu wakiwasifu mashahidi wa Badri, hadi mmoja wao akatia katika wimbo kwamba miongoni mwao yumo Nabii ajuaye ya kesho. Mtume alimkataza maneno hayo na kumwamuru aendelee na aliyokuwa akiyasema mwanzo. Tukio hili lina uzito kuliko tunavyolipa katika mijadala yetu, kwa sababu linatuonyesha kosa likitengwa na lisilo kosa ndani ya wimbo mmoja: itikadi iliyopotoka iliondolewa, dufu likabaki mkononi. Anayesema kwamba ruhusa hiyo ni ya Idi na harusi pekee ana haki ya kusema hivyo, na wapo waliosema. Lakini Nawawi, katika Minhaj al-Talibin, ameliruhusu dufu katika harusi na tohara, kisha akasema kwamba kauli iliyo sahihi zaidi inaliruhusu katika hafla nyingine pia, hata likiwa na njuga.

Kitabu hichohicho kinazikataza ala za nyuzi na ngoma nyembamba kiunoni iliyokuwa ikipigwa na walevi na wanaume waliojifananisha na wanawake. Kuhusu filimbi ya mchungaji kuna jambo la kupendeza: Rafii, ambaye kazi yake ndiyo msingi wa Minhaj, aliiruhusu, na Nawawi akaona kuiharamisha ndiyo kauli yenye nguvu. Yaani nguzo mbili za madhehebu zilihitilafiana juu ya ala ambayo ni babu wa ile iliyomo katika mkoba wa mtoto wa Gredi ya Nne. Anayetaka kujua kwa nini walihitilafiana inambidi arudi nyuma hadi kwa Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, Mshafii kama wao. Katika kitabu cha usikilizaji ndani ya Ihya, Ghazali anaeleza kwamba nyuzi na zumari za Iraki zimeharamishwa kwa kuifuata pombe: zinaiita, zinamkumbusha aliyeiacha karibuni, na kukusanyika kwazo ni alama ya watu wa ufasiki. Kisicho na maana hiyo, pamoja na filimbi za wachungaji na za misafara ya mahujaji, kinabaki katika asili yake ya uhalali. Kisha anatoa mfano mkali. Watu wakikaa wakapanga vikombe, wakamweka mnyweshaji, wakamiminiana siki iliyotiwa asali kama walevi wanavyofanya, kitendo hicho ni haramu ingawa kinywaji chenyewe ni halali. Hapo ndipo penye ufunguo wa mlango wote. Sababu ya hukumu, ile wanayoiita illa, inaweza kuharamisha kisicho haramu, na kwa mantiki hiyohiyo kukosekana kwake kunaacha wazi kilichodhaniwa kufungwa.

Historia ya pwani yetu inaweza kusomwa kama mabishano juu ya illa hiyo. Habib Saleh alipoanzisha maulidi ya matari Lamu, katika Riyadha, waliompinga walikuwa watu wa elimu na cheo walioona aibu tari kupigwa msikitini. Leo maulidi hayo yanavuta wageni kutoka kila upande wa Bahari ya Hindi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, na baada yake Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyeshika ukadhi mkuu wa Kenya mwaka 1968, walichukua njia ya kuzipima mila kwa Kitabu na Sunna, na hawakuzionea haya. Wakati huohuo taarabu ilikua miongoni mwa Waislamu wenyewe. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na Zein l'Abdin wa Lamu alipiga udi, ala ya nyuzi isiyo na shaka, katika harusi za watu ambao watoto wao walisomeshwa fiqhi ya Kishafii chuoni. Mazoea hayaumbi sheria, na sitayatumia kama dalili. Nayataja kwa kuwa yanatuonyesha jamii iliyozihisi tofauti za hafla hata pale ilipokosa kuzitetea kwa maandishi. Wanubi wa Kibra, kizazi cha askari wa Kisudani wa King's African Rifles, hawakuona mgongano kati ya ngoma za wanawake harusini na swala katika msikiti wa Makina, na kwa kauli ya Minhaj kuhusu hafla hawakukosea sana.

Nairobi ya leo inaleta mtihani ambao orodha ya ala haiuwezi. Studio za River Road na nyingine nyingi za vyumbani hutoa kaswida zilizotangazwa kuwa za sauti tupu, zisizo na ala. Kitaalamu ni kweli: kila mlio ulitoka kooni mwa binadamu. Kisha programu ya kompyuta ikauchukua mlio huo, ikaugeuza kuwa besi, gitaa na ngoma, na msikilizaji asiyeambiwa hawezi kuutofautisha na wimbo wa klabu. Anayehukumu kwa orodha atamruhusu mtunzi wa kaswida hii na kumkataza mtoto wa filimbi. Anayehukumu kwa illa atauliza mlio huu umekusudiwa kuamsha nini, na atakumbuka vikombe vya siki na asali. Sisemi kaswida hizo ni haramu. Nyingi zina maneno mema na wasikilizaji wema. Nasema aliyezihalalisha kwa sababu ya koo peke yake hajatoa hoja.

Kuna pia sauti asiyoichagua mtu. Abiria wa matatu ya nambari 23 inayopita Westlands kuelekea Kangemi hana uwezo juu ya spika iliyo chini ya kiti chake. Hapa fiqhi ina tofauti ya zamani kati ya kusikia na kusikiliza, na dalili yake ni hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ambaye mwenyewe aliitia dosari: Ibn Umar alisikia filimbi ya mchungaji, akaziba masikio, akasema alimwona Mtume akifanya hivyo. Wanaoharamisha huitumia, na wanaoruhusu huuliza kwa nini basi Nafi, aliyekuwa naye, aliachwa aendelee kusikia ili amweleze sauti ikiisha, na kwa nini mchungaji hakukatazwa. Kwa vyovyote vile, abiria wetu hana dhambi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya njia hii ni ijmai. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 1567, aliandika kitabu kizima kuwakemea wanaolegeza jambo hili, na wengi wamedai kwamba wanavyuoni wameafikiana. Dai hilo laweza kusimama kwa ala za walevi ndani ya kikao cha ulevi. Haliwezi kusimama kwa kila ala, wakati Ibn Hazm, Ibn al-Qaysarani na Rafii kila mmoja amelitoboa upande wake. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kuziba njia za uovu. Wimbo uleule hutoka darasani, huingia kwenye simu, huishia klabu. Ni kweli. Lakini kanuni ya kuziba njia ni mali ya Wamaliki na Wahanbali zaidi kuliko ya Shafii, ambaye alikuwa mgumu kuharamisha akadi kwa dhana ya kitakachofuata. Anayeiazima inambidi aonyeshe kwamba njia hiyo hupeleka kwenye uovu mara nyingi, si kwamba inaweza. Filimbi ya plastiki haijulikani jijini kama mlango wa baa. Gitaa na kinanda ni suala jingine, na mantiki ya hoja yangu inanilazimu niseme wazi: katika Nairobi alama yake ya kwanza si ulevi tena. Husikika shuleni, katika matangazo ya redio na, zaidi ya yote, kanisani kila Jumapili. Illa ya Ghazali imedhoofika hapo, na kujifananisha na ibada ya wengine kumeingia mahali pake. Kwa hiyo namwona mwanafunzi anayejifunza gitaa darasani hana makosa, na namwona anayeliingiza msikitini ana makosa.

Watasema hukumu inayofuata mazoea itayumba kila mazoea yakibadilika. Itayumba, na Qarafi, Mmaliki wa Misri, alikwisha kusema kwamba kung'ang'ania fatwa iliyojengwa juu ya ada baada ya ada kubadilika ni upotofu. Kinachosimama imara ni ile sababu. Na sababu hiyo, ikifuatwa kwa uaminifu, haiishii kwa watoto. Novemba 2022 Gavana Johnson Sakaja alitangaza kufutwa kwa leseni za klabu zilizomo katika makazi ya watu, baada ya malalamiko ya miaka mingi kuhusu kelele za usiku katika mitaa kama Kilimani na Kileleshwa. Katika klabu hizo pombe, muziki na ufasiki viko chini ya paa moja, kama hadithi ya Bukhari ilivyovitaja, na paa hilo lina mwenyewe anayepokea kodi. Abu Hanifa aliona inafaa kumkodisha nyumba atakayeuza pombe humo, kwa kuwa maasia ni tendo la mpangaji. Wanafunzi wake wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, walimpinga, na Washafii wako upande wa wanafunzi. Mwislamu mwenye jengo Westlands ana haki ya kuchagua kauli ya Abu Hanifa. Akiichagua, atueleze anavyomkataza mwanawe filimbi kwa ukali wa Nawawi.