Mnara Mmoja, Vituo Vingi

Kuzimwa kwa mitambo ya televisheni ya analojia nchini Tanzania kulielezwa kwa wananchi kama habari ya picha safi. Hesabu yenyewe ilikuwa ya nafasi. Tangu ITV ianze kurusha matangazo mwaka 1994, kila kituo kilihitaji chaneli yake. Dijitali ikaruhusu vituo kumi na zaidi kupanda chaneli moja. Matangazo ya kila kituo hukatwa pakiti za baiti 188, na baiti nne za mwanzo hubeba namba ya utambulisho. Zote husafiri mfululizo, king'amuzi kikaokota zenye namba inayotakiwa na kuziacha nyingine zipite. Ufundi huo sina ubishi nao. Ninachobisha ni dai kwamba ulimaliza uhaba: uliuhamisha tu, kutoka angani hadi mikononi mwa wenye leseni ya kuunganisha matangazo, yaani Star Media, Agape Associates na Basic Transmissions.

Tazama bonde la Sigi mkoani Tanga, chini ya Amani. Mawimbi ya UHF hutaka njia iliyonyooka, nayo Usambara ya Mashariki ni matuta juu ya matuta. Enzi za analojia, aliyeishi nyuma ya mlima aliweza kuona chenga na bado akaisikia taarifa ya habari. Dijitali haina nusunusu: pakiti zikipotea kupita kiasi, picha inaganda, kisha kioo kinakuwa cheusi, na vituo vyote vya chaneli ile huondoka pamoja. Kimbilio la mabonde ya namna hii ni dishi. Lakini Agosti 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliagiza kampuni za dishi za Azam, DStv na Zuku ziondoe vituo vya bure, kwa kuwa leseni zao zilikuwa za matangazo ya kulipia.

Watetezi watasema bila kugawana chaneli vituo vipya visingepata nafasi, wala intaneti ya simu isingepata masafa yaliyookolewa. Kweli, na Tanzania iliwahi: Mkataba wa Geneva wa 2006 ulitoa muda wa kuzima analojia hadi 17 Juni 2015, Dar es Salaam ikazima 31 Desemba 2012, Tanga ikafuata mapema 2013. Wengine watamlaumu mlima. Mlima haukuandika agizo la 2018. Mamlaka ilisoma leseni kama zilivyoandikwa. Kasoro ni utaratibu uliofunga haki ya mtazamaji kwenye njia ya kurushia. Kituo kilichosajiliwa kuwa cha bure kilistahili kubaki bure, kwa antena na kwa dishi.