Herufi Nene za Bwana Cooper

Sisi walimu wa lugha huziona herufi kama sauti zilizoandikwa, na ni nadra kuuliza zimepata wapi sura zao. Safari hii twapenda kueleza habari za chapa moja ambayo wasomaji wengi wameiona bila kuijua jina: herufi nene, za mviringo, zisizo na kona kali, utadhani zimefinyangwa kwa donge la unga. Chapa hiyo huitwa Cooper Black.

Aliyeibuni, Oswald Cooper, alizaliwa Marekani, katika jimbo la Ohio, mwaka 1879. Alikwenda Chicago kujifunza uchoraji, akafundishwa na Frederic Goudy, bingwa wa kubuni herufi. Mwaka 1904 yeye na Fred Bertsch walifungua ofisi ya kutengeneza matangazo ya biashara, na maandishi yake Cooper aliyachora kwa mkono. Kiwanda cha Barnhart Brothers & Spindler, kilichosubu herufi za madini, kiliitoa Cooper Black mwaka 1922.

Wachapaji wenye kushika mapokeo waliibeza. Wenye matangazo waliinunua kwa wingi. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kazi ya herufi. Kwa mafundi wa vitabu, herufi njema ni ile isiyojionyesha, yenye kumpisha msomaji aifikie maana. Herufi za Cooper hunadi kama mchuuzi sokoni. Hata hivyo, kwa maoni yetu, waliobeza hawakutazama vya kutosha. Miguu ya herufi hizi imeviringwa chini, lakini neno zima halionekani kuyumba. Mchoraji asiye na jicho angetuachia safu ya mayai yanayobingirika! Tena tundu la O limelala upande kidogo, kana kwamba latukonyeza.

Katika miaka ya 1960, uchapaji wa picha na karatasi za herufi za kubandika ulipoenea, mchapaji hakufungwa tena na kipande cha madini. Aliweza kuzisogeza herufi hadi zikagusana. Hapo Cooper Black ilipata ujana mpya. Mwaka 1966 ilipamba jalada la sahani ya santuri ya Beach Boys iitwayo Pet Sounds. Mwaka 1968 ilitumika katika Dad's Army, mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Uingereza, na mwaka 1995 shirika la ndege la easyJet likaichagua kwa jina lake.

Kwetu sisi waandishi wa Kiswahili kuna jambo la kuangaliwa. Matundu ya a na e katika chapa hii ni madogo mno, na lugha yetu haina uchache wa irabu hizo: neno karatasi peke yake lina a tatu. Zikichapwa ndogo kwa mashine hafifu, wino huyaziba matundu, na mtoto anayejifunza kusoma hushindwa kuitambua a mbele ya e. Kichwa cha bango la darasani, cha neno moja au mawili, hupendeza sana kwa herufi hizi. Aya ya mistari kumi hugeuka doa jeusi.