Plagi ya Cheche na Maana ya Kufa Kwake

Neno plagi limekwisha kuenea katika gereji zetu, lakini kwa kuwa mafundi wa umeme wa majumbani nao hulitumia kwa kitu kingine kabisa, yafaa mwandishi wa vitabu vya ufundi aseme plagi ya cheche, ili ijulikane kuwa muradi wake ni kile kifaa cha kauri na chuma kinachofungwa kwenye silinda hedi, ambacho katika mwanya wa ncha zake mbili, usiozidi sana milimita 0.8 katika magari ya zamani, umeme uliopandishwa na koili kutoka volti 12 hadi maelfu ya volti huruka na kuwasha petroli iliyochanganyika na hewa.

Mafundi husema plagi imekufa pale inapokosa kutoa cheche na injini ikaanza kumisi. Ikifa mara moja, si ajabu, kwani kila kitu kina muda wake. Ama ikifa ya pili na ya tatu katika silinda ile ile, basi ni yakini kwamba plagi ni shahidi tu, na kosa limo ndani ya injini. Masizi makavu hushuhudia petroli iliyozidi, aghalabu kwa sababu ya chujio la hewa lililoziba, choki isiyofunguka, au boya la kabureta lililotoboka. Weusi wenye unyevu wa oili hushuhudia ringi za pistoni au gaidi za valvu zilizolika. Na kauri iliyopauka ikafanya malengelenge hushuhudia joto la kupita kiasi, litokalo kwa petroli haba, hewa inayopenya kwenye manifoldi, au cheche inayowahi kabla ya wakati wake.

Wako mafundi ambao, wakiona oili, hufunga plagi ya moto zaidi, yaani ile ambayo kauri yake ndefu hukawia kupoa na hivyo huunguza uchafu. Ni kweli kwamba ncha ya plagi yahitaji nyuzi 450 hivi za Selsiasi ili ijisafishe, lakini ikikaribia 850 huweza kuwasha petroli kabla ya cheche na kuyeyusha pistoni. Basi hila hiyo huficha ila na kumwongezea mwenye gari hasara.

Lililo sawa ni kubadilishana plagi ya silinda mbovu na ya silinda nzima, kisha kuliendesha gari siku kadhaa. Uchafu ukiifuata plagi, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki katika silinda ile ile, na ipimwe kompresheni, kisha kitiwe kijiko cha oili katika tundu la plagi na ipimwe tena: ikipanda, ringi ndizo zilizokwisha, na isipopanda, na zitazamwe valvu. Fundi afanyaye haya hununua kipuri kimoja kinachohitajiwa, na mwenye gari hulipa mara moja.