Vítězslava Kaprálová alisikika, kisha akasahauliwa

Tarehe 26 Novemba 1937, katika ukumbi wa Lucerna mjini Prague, binti wa miaka 22 aliiongoza Orkestra ya Philharmonic ya Cheki kupiga kazi aliyoitunga mwenyewe. Kazi hiyo, Sinfonietta ya Kijeshi, Vítězslava Kaprálová alimtunukia Rais Edvard Beneš wakati Ujerumani ya Hitler ikiinyemelea Chekoslovakia. Juni 1938 aliipeleka London, akaiongoza tena, safari hii na orkestra ya BBC, katika tamasha la kimataifa la muziki wa kisasa. Mtunzi wa namna hiyo hatuwezi kusema alinyimwa jukwaa. Kilichomponza ni kwamba baada ya makofi hakukuwa na mtu wa kuzitunza noti zake, kuzichapisha na kuzirudisha ukumbini mwaka hadi mwaka, na bila kazi hiyo hakuna mtunzi anayedumu.

Alizaliwa Brno mwaka 1915, baba yake mtunzi aliyefunzwa na mtunzi Janáček, mama yake mwimbaji. Alisoma Brno, kisha Prague, halafu Paris, alikokuwa karibu na mtunzi Bohuslav Martinů. Juni 1940, siku mbili tu baada ya Wajerumani kuingia Paris, alifariki Montpellier akiwa na miaka 25, akiacha tungo zipatazo 50. Tangu hapo jina lake likawa la kutajwa pembeni ya wanaume: mwanafunzi wa Martinů, mke wa mwandishi Jiří Mucha. Ndoa yenyewe haikufika hata miezi miwili.

Wapo watakaosema alikufa mapema mno. Mbona mtunzi Pergolesi alikufa na miaka 26, na Stabat Mater yake inaimbwa mpaka leo? Wengine watasema vita viliwameza wanaume pia. Ni kweli. Mtunzi Pavel Haas, naye wa Brno, aliuawa katika kambi ya Auschwitz mwaka 1944, na muziki wake ukakaa kimya muda mrefu. Lakini Haas hakurudi kwa miujiza. Walikuwepo watu waliozifufua noti zake na kuzirekodi. Kwa Kaprálová juhudi hizo zilishika kasi baada ya mwaka 1998, ilipoundwa jumuiya yenye jina lake mjini Toronto, Kanada. Na Agnes Tyrrell, mtunzi mwanamke aliyefariki Brno mwaka 1883 akiacha simfoni nzima, bado ni wachache wanaomjua.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kwamba anafufuliwa kwa sababu tu ni mwanamke. Hapo noti zenyewe zijibu. Preludi za Aprili, alizomtungia mpiga piano Rudolf Firkušný mwaka 1937, ni vipande vinne ambavyo kwa pamoja havifiki dakika 10. Ndani ya muda huo mfupi kuna ukali, upole na uchangamfu wa mtu aliyekwisha kuijua sauti yake. Zitafute uzisikilize kwanza, wasifu wake uusome baadaye.